Jenereta la Nchi Tatu na Namba ya Lubega

Mimi naitwa Bilha, nauza chakula Hai Cinema, mtaa mmoja wa Juba, na kabla hujaniuliza, ndiyo, bango lililo juu ya mlango wangu limechorwa kwa mkono. Kila mgeni anayeingia hapa lazima ainue macho alisifu. Halafu anaona jina la mchoraji na namba ya simu pale chini upande wa kulia, anatoa simu yake, anapiga. Simu inalia kwenye aproni yangu. Basi namwambia aiweke chini, ale kabla chakula hakijapoa, nimweleze habari za Lubega.

Lubega ni Mganda wa Masaka. Alikuja Juba miaka kumi na saba iliyopita na ngazi moja ya mbao na brashi sita alizozifunga kwa gazeti. Kibanda chake na jiko langu viligawana ukuta mmoja wa mabati. Moshi wangu ulimkera, harufu ya rangi yake ilinifukuzia wateja, kwa hiyo asubuhi tuligombana na ikifika saa nne tukapatana kwa chai ya maziwa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayeongea polepole utadhani yuko kanisani. Lakini uguse kazi yake! Umwambie herufi imekaa upande, au rangi imechuruzika! Hapo ungeona mtu mwingine kabisa, na wateja wawili watatu niliwaona kwa macho yangu wakifukuzwa kwa brashi mbichi.

"Unajua kwa nini mimi iko Juba, nyabo?" aliniuliza siku moja. Nyabo ndivyo Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Mimi iko hapa sababu ya jua."

Alisema kweli. Kwao Masaka, na hata kwetu Kitale, mabango sasa yanachapishwa na mashine, na mchoraji wa mkono amebaki kuchora pundamilia kwenye kuta za chekechea. Juba pia mashine zipo. Ila jua la hapa halichezi na mtu. Stika ukiibandika leo, mwezi wa kwanza inapauka, wa pili inajikunja kama chapati iliyosahauliwa juani, wa tatu unaikanyaga barabarani. Rangi ya mafuta ya Lubega ilikaa miaka. Ukitembea kutoka hapa mpaka Nyakuron utaona saluni, gereji, maduka ya simu, makanisa mawili na kliniki moja, na mkono ni ule ule.

Alikuwa na sheria moja tu: rangi hukauka siku nne. Siku mbili kwa juu, siku mbili kwa ndani. Ukiiwekea nyingine kabla ya hapo itapasuka, upende usipende. Mimi bango langu nililiomba miaka mitatu, na kila mara alinijibu vile vile: "Nyabo, ya kwako nataka siku nne zangu mwenyewe, si ya kuibia-ibia." Siku hizo nne hazikupatikana, maana Bohari ilikuwa ikimwita kila wiki.

Sasa hapo kwenye Bohari ndipo mambo ya wakubwa yanapoingia, nisikilize vizuri. Nchi saba za huku ziliungana zilindane. Adui akigusa moja, amegusa zote, na kikosi cha pamoja kikae tayari. Majina ya nchi siyataji. Watu wa zote saba wanakula hapa kwangu na nataka warudi kesho. Wakakubaliana kila nchi itoe sehemu yake ya gharama, na anayeshindwa kutoa pesa atoe vitu. Basi wote wakashindwa kutoa pesa. Nchi saba, na hazina zao, na ndege za marais wao, zikatoa vitu. Vitu hivyo vilikuja kwa majahazi ya chuma yanayopanda Mto Nile, vikashushwa bandarini na kuwekwa ndani ya ghala kubwa lililo karibu na hapo, na hilo ghala ndilo Bohari. Mahema, matangi ya maji, vitanda, na sufuria ambazo ningepewa mimi zingepata kazi.

Na kila kitu lazima kiandikwe nani katoa. Nchi inaweza kuvumilia kitanda chake kikose godoro, lakini kikose bendera, hapana. Kwa hiyo Lubega alichora bendera na chini yake akaandika MCHANGO WA WANANCHI WA mahali fulani, na chini kabisa, kwa herufi ndogo safi, akaweka LUBEGA ARTS na namba yake ya simu. Wachoraji wote wa mabango hufanya hivyo, toka Kampala mpaka hapa. Ndilo tangazo lao. Hakuna aliyemwambia asifanye, na yeye hakufikiria kuuliza, kwa sababu kazi isiyo na namba ni kazi ya mtu anayejificha.

Bohari haikuwa mteja tu kwake. Kila Januari mkuu wa Bohari alimwandikia barua ya kusema huyu ni mchoraji wetu tunamhitaji, na kwa barua hiyo Lubega alipata kibali cha kazi cha mwaka mzima. Bila barua hakuna kibali. Bila kibali ni kupanda basi la Nimule, uvuke mpaka, uende ukachore pundamilia. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Aliniambia wazi kwamba akitoka Juba hatashika brashi tena, na mimi nilijua si maneno ya kujilizaliza.

Mkuu wa Bohari aliitwa Ezbon. Bwana mmoja msafi, viatu vyake vinang'aa katika mji ambao hata kuku wana vumbi, na neno lake kubwa lilikuwa "utaratibu". Ukimwomba ruhusa ya kunyoa ndevu zako mwenyewe atakuuliza kama umefuata utaratibu. Miaka mitatu iliyopita lilishushwa bandarini jenereta moja kubwa, refu kuliko jiko langu, mchango wa nchi nitakayoiita ya Kwanza. Lubega akachora bendera. Mwaka uliofuata nchi ya Pili ikaonekana iko nyuma na michango yake, na wakaguzi wanakuja kesho. Ezbon akampigia Lubega: njoo upake juu, uweke bendera ya Pili. Lubega akaomba siku nne. Akapewa mpaka jioni. Mwaka wa tatu ikawa zamu ya nchi ya Tatu, na muda ukawa ule ule.

Nilikuwa najua. Alirudi akaoshea mikono kwenye beseni langu akasema, "Leo nimehamisha jenereta nchi nyingine," nami nikacheka mpaka mwiko ukaangukia kwenye maharagwe. Lakini haki ya Mungu, Lubega hakujua kama kuna ubaya. Miaka thelathini na tano kazi yake ni hiyo: duka likibadilisha mwenyewe, anapaka juu ya jina la zamani, anaandika jipya. Yeye alidhani nchi zinauziana jenereta, kama watu wanavyouziana pikipiki, na kila mnunuzi anataka jina lake. Kitu pekee kilichomnyima raha ni kwamba rangi haikuachwa ikauke.

Basi Januari hii ikaja Kamati. Si wakaguzi wa kawaida wale wanaokunywa soda na kuondoka. Hii ilikuwa kamati ya wabunge kutoka mabunge ya nchi zote saba, kazi yake kuhakikisha kila nchi inabeba mzigo wake wa ulinzi na hakuna anayembebesha mwenzake. Kwa kazi hiyo walikuja ishirini na mmoja, na makarani tisa, wakakaa kwenye hoteli ya kando ya mto kwa siku tano. Mimi nilipata kuwapikia chai na vitafunio, kwa hiyo yote nitakayosema niliyaona kutoka nyuma ya chupa zangu za chai. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Janepher, mama mnene mtulivu mwenye miwani ya kamba. Msemaji wao mkubwa alikuwa Mheshimiwa Linus, kijibwana kifupi kinachopenda kusimama, na akisimama urefu ni ule ule.

Walifika Jumanne. Kibali cha Lubega kilikuwa kinaisha Jumamosi, na barua bado haikuwa imesainiwa.

Jumatano asubuhi wakaizunguka Bohari na orodha mikononi. Lubega alikuwa pale pembeni, juu ya ngazi, anamalizia neno KARIBUNI kwenye mlango. Linus akainama kwenye tangi la maji la nchi ya Tano. Akainama kwenye gari la wagonjwa la nchi ya Sita. Akainama kwenye sanduku la mahema la nchi yake mwenyewe. Nikamwona anavimba.

"Mwenyekiti!" akapaza sauti. "Nimegundua jambo zito. Kuna kampuni moja inaitwa Lubega Arts. Kampuni hii imeuza vifaa kwa nchi zote saba! Matangi wao, magari wao, mahema wao! Nani aliwapa zabuni hii bila ushindani?"

Makarani wakaandika mbio mbio. Wabunge wakaguna. Ezbon nikamwona anaangalia viatu vyake.

"Tena wana kiburi cha kuacha namba," Linus akasema. "Nitawapigia mbele yenu nyote."

Akapiga. Pale juu ya ngazi simu ikalia. Lubega akashika brashi kwa meno, akatoa simu mfukoni, akaitoa brashi mdomoni, akasema kwa upole kabisa, "Haloo, Lubega Arts, unataka bango ya ukubwa gani?"

Mimi nilikwenda nyuma ya lori nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Nilipotoka nikakuta Mkurugenzi Mtendaji wa Lubega Arts ameshapewa hati ya kuitwa mbele ya Kamati kesho yake saa tatu asubuhi.

Mchana ule Ezbon akaja Hai Cinema. Hakuwahi kukanyaga kwetu kabla ya hapo. Akapangusa benchi kwa kitambaa, akakaa, akaagiza chai asiyoinywa.

"Mama Bilha, shikamoo ya kazi," akanisalimu vibaya hivyo, halafu akamgeukia jirani yangu. "Mzee Lubega, kesho watakuuliza mambo ya jenereta. Wewe mzee, umechora vitu vingi. Mtu hawezi kukumbuka vyote. Au vipi?"

"Mimi nakumbuka," Lubega akasema.

"Hukumbuki," Ezbon akasema taratibu. "Na barua yako iko mezani kwangu, imepigwa chapa, inangoja saini tu. Ijumaa asubuhi utaichukua. Tufuate utaratibu."

Akaondoka. Lubega akaniuliza kwani kuna nini kwenye jenereta, na hapo ndipo mimi nikamweleza, maana mpishi husikia mengi: kwamba nchi hazikuuziana kitu. Kwamba jenereta moja limehesabiwa mara tatu, na nchi mbili hazijatoa chochote. Uso wake ukabadilika. Akasema, "Kwa hiyo mimi ndio nimeandika uongo. Na namba yangu nimeweka." Nikamwambia asinichoshe, aseme hakumbuki, achukue barua, akae Juba. Nilimwambia hivyo, sifichi. Mimi nilitaka jirani yangu abaki, na wabunge ishirini na mmoja wajitafutie ukweli wao wenyewe.

"Tamam," akasema mwishoni, yaani sawa, kwa Kiarabu cha Juba. "Nitasema sikumbuki."

Alhamisi wakakalia viti chini ya hema ndani ya ua wa Bohari, jenereta lenyewe likiwa nyuma yao. Mheshimiwa Janepher akaagiza kikao kiendeshwe kwa Kiswahili ili shahidi aelewe. Lubega alikuwa amevaa koti lake la kanisani, lililokuwa na tone la rangi ya buluu kwenye kola tangu nimjue.

"Kampuni yako ina wafanyakazi wangapi?" Linus akaanza.

"Mimi iko peke yangu, mheshimiwa. Na ngazi."

"Mtaji wake?"

"Brashi sita. Moja imenyonyoka."

Wabunge wakacheka, Janepher akagonga meza. Ilichukua nusu saa nzima kumfanya Linus akubali kwamba Lubega Arts haikuuza gari la wagonjwa wala hema. Akaona aibu, na mtu mfupi akiona aibu hutafuta pa kuitua. Akauliza kuhusu jenereta. Je, shahidi alilichora lini, na mara ngapi?

Lubega akaniangalia mimi. Nikamkazia macho. "Sikumbuki, mheshimiwa," akasema.

Ezbon akashusha pumzi. Mimi pia. Linus akaanza kufunga faili lake, na kama angelifunga tu na kukaa, leo Lubega angekuwa hapo nje anagombana na moshi wangu. Lakini yule bwana hajui kukaa. Akalisogelea jenereta, akagusa pale ambapo rangi imepasuka-pasuka kama kisigino cha kiangazi, kipande kikabanduka na kuanguka.

"Hebu tazameni, waheshimiwa," akasema. "Kazi hovyo kabisa. Kazi ya mtu asiyejua kushika brashi. Halafu anaweka jina! Mimi ningeona aibu."

Ala! Nilijua tumekwisha kabla Lubega hajafungua mdomo. Shingo yake ikasimama.

"Nani hajui brashi?" akauliza.

"Shahidi akae," akasema Janepher.

Shahidi hakukaa. "Mheshimiwa, rangi yangu haipasuki! Nenda Hai Cinema, nenda Nyakuron, kuna bango yangu ya miaka kumi na sita, iko vile vile! Hii imepasuka sababu mimi niliomba siku nne, wakanipa moja. Mara ya kwanza, sawa, ilikauka. Mara ya pili walinikataza kukwangua ya chini, walisema haraka, wageni wanakuja. Mara ya tatu nikapaka asubuhi, jioni imepigwa picha! Rangi gani duniani itashika hivyo? Nambie!"

Akaingiza mkono kwenye koti akatoa kisu chake cha kukwangulia, kwa sababu yeye hata kanisani alikwenda nacho. Akaenda pale kwenye jenereta mbele ya mabunge saba na akaanza kukwangua. Bendera ya Tatu ikatoka, ikatokea ya Pili, na chini yake LUBEGA ARTS na namba. Akakwangua tena. Ya Pili ikatoka, ikatokea ya Kwanza, bado inang'aa, na LUBEGA ARTS na namba.

"Hii ya chini, ona!" akasema akiigonga kwa kisu. "Hii ndio kazi yangu. Hii ilipata siku nne."

Janepher akavua miwani. "Baba," akasema, si shahidi tena, "unasema jenereta ni moja?"

"Iko moja, mheshimiwa. Haijatoka hapa tangu ilishuka bandarini. Hata kuwashwa haijawashwa, sababu walinihimiza mpaka nikapaka kifuniko ya mafuta, sasa haifunguki."

Karani mmoja akaenda kujaribu kifuniko. Hakikufunguka.

Na mimi niliyetaka adanganye, nakwambia, nilisimama pale na chupa ya chai mkononi, moyo umenijaa, nikajivunia yule mzee utadhani ni baba yangu. Na hapo hapo nilimkasirikia vibaya, maana niliona Ezbon ameshainuka na kwenda ofisini, na nilijua kule ofisini kuna karatasi gani mezani.

Ungedhani sasa mambo yatawaka moto. Yaliwaka, lakini si pale ulipodhani. Wabunge wa nchi ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu walianza kugombana jenereta ni la nani kihalali, na wa Tatu akasema kwamba kwa kuwa bendera yake ndiyo ilikuwa juu, ndiyo yenye nguvu ya kisheria. Wakagombana mpaka maandazi yangu yakaisha. Ijumaa wakapitisha maazimio. Nakala moja ya taarifa yao karani aliisahau kwenye meza yangu, ninayo mpaka leo, naiwekea sahani za moto.

Inasema hivi. Kwamba kwa moyo wa umoja, jenereta litahesabiwa kuwa mchango wa pamoja wa nchi zote saba, ili isiwepo nchi ya kuona aibu. Kwamba bendera zote ziondolewe, iwekwe nembo moja ya muungano, iliyochapishwa kwa mashine ili kuepuka makosa ya kibinadamu. Kwamba mkanganyiko wa umiliki ulisababishwa na mchoraji wa nje aliyepaka tabaka juu ya tabaka na kuweka namba yake binafsi kwenye mali ya umma. Kwamba Kamati inamshukuru shahidi huyo kwa ushirikiano wake mkubwa. Bwana Ezbon hatajwi. Yeye alihamishiwa makao makuu, kwenye cheo cha juu zaidi, kitengo cha utaratibu.

Barua haikusainiwa. Lubega alikwenda Ijumaa asubuhi akakuta ofisi imefungwa. Akaenda hotelini kumwona Mheshimiwa Janepher, mimi nikamsindikiza kwa sababu peke yake angeomba msamaha badala ya kuomba barua. Yule mama alitupokea vizuri, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Baba, umetusaidia kuliko faili zote," akasema. "Lakini mimi siwezi kukuandikia barua. Kamati inasimamia, haitekelezi. Tena wewe ni shahidi wetu. Nikikupa kitu, watasema tulikununua."

"Lakini kuna mtu alitaka kumnunua kwa barua hiyo hiyo!" nikamaka. "Na yule mtu amepandishwa cheo!"

Akaniangalia kwa huzuni ya kweli, nadhani, akasema ataliweka jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho. Nikamuuliza kikao kijacho ni lini. Akasema mwakani.

Ofisi ya uhamiaji walimpa Lubega siku kumi za kufunga virago. Alitafuta barua kwingine, kwenye saluni, kwenye gereji, hata kwa mchungaji. Hakuna aliyekuwa mkubwa wa kutosha kwa karatasi hizo. Siku ya tano aliamka mapema, akaegemeza ngazi kwenye ukuta wangu, akaanza kukwangua kutu kwenye bati la juu ya mlango.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Siku nne zangu," akasema. "Nimezipata."

Rangi ya chini hakupaka; alichora siku ile ile, tabaka moja tu juu ya bati. Aliandika JIKO LA BILHA kwa nyekundu na manjano, akachora sufuria yenye mvuke, na mvuke ule ukiuangalia unasikia njaa. Siku nne zilizofuata hakugusa kitu. Alikaa kwenye benchi langu akaliangalia likikauka, na kila mteja aliyetaka kugusa alimfokea. Mimi nilimfokea yeye kwamba moshi wangu utalichafua, naye akasema moshi hauna shida, mafi mushkila, yeye amezoea. Kisha akaweka jina na namba. Nikamwambia namba ya nini, wewe unaondoka. Akatoa kadi yake ya simu ya hapa, akaniwekea kiganjani.

"Kazi haiwezi kukosa mtu wa kuitika," akasema.

Kesho yake akapanda basi la Nimule. Ngazi aliiacha. Nimeitundikia vitunguu.

Stika ya muungano ilibandikwa kwenye jenereta mwezi wa pili, kubwa, inang'aa, nyota saba. Mwezi wa tatu ikapauka. Mwezi wa nne pembe zikajikunja, na wa tano, madereva wanaokula hapa wakaniambia, nusu ilikuwa imedondoka, na chini yake ilionekana bendera ya Kwanza na LUBEGA ARTS na namba, safi kabisa. Wiki iliyopita simu ikalia kwenye aproni yangu. Mwanamke, anajiita Angella, mkuu mpya wa Bohari. Anamtaka mchoraji. Ni haraka, kuna wabunge wanakuja, si kwa kikao, ila kuangalia tu kama maazimio yametekelezwa.

"Hayupo," nikasema. "Ninyi ndio mlimnyima barua."

Akasema amesikia, na kwamba hilo si tatizo, ameshaandika barua, iko tayari kwenye mpaka wa Nimule. Moyo ukanipiga. Nikauliza ni barua ya muda gani.

"Siku tatu," akasema. "Kamati inafika Alhamisi."

Nikampigia Lubega kwenye namba yake ya Masaka. Siku hizi anakaa kwa binti yake na hachori chochote, hata pundamilia. Nikamweleza yote, halafu nikasema, "Njoo, wewe mzee. Hata hizo tatu. Nimekukumbuka, nitakupikia, utagombana na moshi."

Akaniuliza bango langu likoje. Nikamwambia liko vile vile, halina hata ufa. Nikamsikia anacheka kidogo kule mbali.

"Nyabo, waambie webale, asante sana," akasema. "Lakini waambie rangi hukauka siku nne."

Nikampigia Angella nikamfikishia, neno kwa neno. Akauliza kama huyo mzee hawezi kufanya haraka kidogo, amalize kwa siku moja tu, maana kumbukumbu zao zinaonyesha zamani aliweza. Nikamkatia simu, nikalia pale pale mbele ya jiko, na mteja wa meza ya pili akadhani ni vitunguu.